Maswali ya Wasomaji: Rafu ya Meko na Sura ya Nyumba

Barua nyingi tulizopokea msimu huu wa kipupwe zimetoka Arusha, Moshi na vijiji vya mlimani, na sehemu kubwa zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuipamba rafu iliyo juu ya meko ya ukutani. Arusha iko kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wake hulazimisha blanketi zito, hata baadhi ya nyumba za huku, za zamani na za sasa, zimejengwa na meko na dohani sebuleni, kitu ambacho mkazi wa Dar es Salaam hana haja nacho. Nimechagua barua tano ambazo kila moja inatoka katika nyumba ya aina yake. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Dada mshauri, habari za kazi. Tumehamia nyumba mpya yenye kuta nyeupe, madirisha makubwa ya alumini na sakafu ya vigae vya kijivu. Fundi ametujengea meko ya mawe meusi, na juu yake ameweka ubao mnene wa mninga unaotokeza sentimita 20 kutoka ukutani, ukiwa sentimita 22 juu ya mdomo wa meko. Mume wangu anataka runinga itundikwe hapo, mimi nataka picha kubwa. Kwa sasa tumepanga juu yake zawadi zote tulizopewa siku ya kuhamia, na kila nikipaangalia naona pamefanana na duka. Tufanyeje? (Mama wa watoto wawili, Njiro, Arusha)

JIBU: Mama, kabla hatujafika kwenye mapambo, niruhusu nianze na ubao wenyewe, kwa kuwa vipimo ulivyoandika vimenitia wasiwasi. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani, ambako meko za namna hii ni kitu cha kawaida, zinakataza kitu chochote kinachoweza kuungua kisikaribie mdomo wa meko kwa umbali usiofika sentimita 15. Kuanzia hapo hadi sentimita 30, ubao unaruhusiwa kutokeza sehemu moja tu ya nane ya umbali wake kutoka mdomoni. Wako uko sentimita 22 juu ya mdomo, kwa hiyo haukupaswa kutokeza hata sentimita 3, nao umetokeza 20. Mninga ni mbao nzuri na ngumu, lakini joto linaloupiga kila jioni huukausha polepole, upande wa chini ukabadilika rangi, ukapasuka, na mwishowe ukaweza kushika moto bila mwali wowote kuugusa. Mwite fundi aupandishe mpaka umbali uzidi sentimita 30, na kama ukuta unaruhusu apandishe zaidi. La sivyo auondoe na kuweka jiwe lile lile jeusi, au zege lililosuguliwa likawa laini, ambalo kwa maoni yangu lingeipendeza sebule yenu kuliko mbao. Mpaka kazi hiyo ikamilike, naomba msiwashe moto.

Kuhusu runinga, namwonea huruma mzee wa nyumba, kwa kuwa ukuta wa meko ndio ukuta ambao macho ya kila anayeingia huuendea kwanza, na ni haki yake kuutaka. Hata hivyo yapo mambo mawili yanayompinga. La kwanza ni joto: watengenezaji wengi huandika katika kijitabu cha maelekezo kwamba chombo kisitumike mahali penye joto linalozidi nyuzi 40 za Sentigredi au karibu na hapo, na hewa inayopanda mbele ya meko inayowaka hupita kiwango hicho kwa urahisi. La pili ni shingo. Mtu aliyeketi kwenye kochi macho yake yako yapata mita moja na kidogo kutoka sakafuni, ilhali katikati ya runinga iliyotundikwa juu ya rafu huwa karibu na mita 1.8, na kutazama taarifa ya habari ukiwa umeinua kidevu hivyo kila siku ni adhabu. Itundikeni kwenye ukuta wa pembeni, kochi ligeuzwe kidogo ili anayeketi aweze kuiona runinga na moto bila kuhama.

Sasa picha. Nyumba ya kisasa hupendeza kwa nafasi iliyoachwa wazi, wala si kwa wingi wa vitu, na kwa sababu hiyo picha moja kubwa itafanya kazi ambayo zawadi zote hizo kwa pamoja zimeshindwa kuifanya. Chagua yenye upana wa takriban theluthi mbili za rafu, ukingo wake wa chini uwe sentimita 10 hadi 15 juu ya rafu, ili picha na rafu vionekane kuwa kitu kimoja. Ukiiweka katikati kabisa utapata utulivu wa kirasmi. Mimi katika sebule kama yenu ningeisogeza upande mmoja na kuweka upande wa pili vyombo viwili tu vyenye vimo tofauti, kwa mfano chungu kirefu cha udongo na bakuli pana, kisha nafasi iliyobaki ibaki tupu na isijazwe na mtu yeyote, hata mgeni aliyeleta zawadi nzuri.

Picha za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hufaa sana hapa, kwa sababu rangi zake kali hupata nguvu zaidi zikiwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Ila ujue kwamba kwa desturi huchorwa kwa rangi za mafuta zinazong'aa, mara nyingi juu ya ubao mwembamba, na joto la mfululizo linaweza kuupinda ubao huo na kuipasua rangi. Tahadhari hiyo hiyo iwafikie wenye vinyago vya Kimakonde. Mpingo ukikaushwa haraka hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa wa namna hiyo hauzibiki ukasahaulika. Kinyago kiwekwe kwenye ncha ya rafu, mbali na hewa ya moto, au wakati wa kipupwe kihamie kwenye kabati kabisa. Zawadi zilizobaki msizitupe. Zitoeni kwa zamu, moja au mbili kwa kila msimu, na kila aliyewapa ataiona yake siku yake ikifika.

SWALI: Mwanangu, salaam. Mimi ni mstaafu, na ninakaa katika nyumba ya zamani iliyokuwa ya mwenye shamba la kahawa wakati wa Waingereza. Meko ina fremu ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, yenye nguzo ndogo za kuchonga pande zote mbili, na juu yake pametundikwa pembe za pofu ambazo nilizikuta. Ipo pia saa ya zamani na vinara viwili vya shaba. Kijana wangu anasema tung'oe vyote tuweke marumaru zinazong'aa. Unasemaje? (Mzee wa Usa River, Arusha)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nakuomba kwa heshima zote usikubali kung'oa hiyo fremu. Kazi ya seremala aliyechonga nguzo hizo kwa mkono haipatikani tena kwa bei ambayo wengi wetu tunaweza kuilipa, na marumaru inayong'aa katikati ya milango na madirisha ya zamani itaonekana kama kiraka.

Uliyoyaeleza, yaani fremu nyeupe yenye nguzo mbili zinazolingana, yanafuata desturi iliyotokana na nyumba za Uingereza za enzi za wafalme walioitwa George, kati ya 1714 na 1830, ambapo kila kitu cha upande wa kulia kilipaswa kuwa na mwenzake upande wa kushoto. Baadaye, wakati wa Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, watu wenye uwezo walianza kuzijaza rafu zao kwa saa, sanamu, vyombo vya maua, picha za ukoo na hata vitambaa vyenye vishada vilivyoning'inia mbele. Fremu yako inapatana zaidi na desturi ile ya kwanza, na vitu ulivyo navyo vinaitosha: saa katikati, kinara kimoja kila upande, na nyuma ya saa kioo chenye fremu ya mbao nyeusi au ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Kioo kitarudisha mwanga wa dirishani ndani ya chumba, na nyumba nyingi za zamani za huku, zenye veranda pana na madirisha madogo, zina kiu ya mwanga. Picha za familia naomba zisizidi mbili au tatu, ziwe za rangi nyeusi na nyeupe kama zipo, na zikae karibu na vinara badala ya kutapakaa. Vinara hivyo visugue kwa ndimu na chumvi, kisha uvisuuze na kuvikausha vizuri. Mishumaa iwashwe siku ambayo meko haina moto, kwa kuwa joto linalopanda kutoka mekoni huipinda na nta ikamwagikia mbao.

Pembe za pofu ni suala jingine, na si la urembo. Pembe, ngozi, meno na mafuvu ya wanyamapori huhesabiwa kuwa nyara, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayezimiliki awe na kibali. Kusema kwamba ulizikuta hakutoshi kukulinda siku utakapoulizwa. Kabla hujazishusha, kuziuza au kumpa mtu, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako ukaeleze zilivyokufikia na upewe maelekezo. Nawaambia pia wasomaji wengine wanaopenda mtindo wa nyumba za walowezi kwamba mtindo huo unakamilika bila pembe. Ramani ya zamani yenye fremu, au picha ya Mlima Meru iliyopigwa kutoka shambani kwako, itapajaza mahali hapo kwa heshima zaidi.

Jambo la mwisho, mzee wangu: kama dohani haijasafishwa kwa miaka mingi, itafutiwe fundi kabla ya moto kuwashwa tena. Kuni mbichi huacha ndani ya dohani utando mweusi wa masizi yenye lami, nao ukishika moto huwaka humo humo ndani na unaweza kufika kwenye paa.

SWALI: Dada, nimezaliwa Tanga na nimehamia huku kikazi. Nyumba niliyopanga ina meko ndogo ya matofali ya kuchoma. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa na vishubaka ukutani vilivyojaa vyombo, nami natamani sebule yangu ifanane na ya pwani. Je, inawezekana kwenye meko? (Binti wa Sakina, Arusha)

JIBU: Inawezekana, mdogo wangu, na pengine hii ndiyo barua iliyonifurahisha kuliko zote. Katika nyumba za mawe za Waswahili, hasa kule Lamu, wajenzi walichonga ndani ya plasta safu za vishubaka vinavyoitwa zidaka, na humo wenye nyumba wakaonyesha sahani na mabakuli ya kauri yaliyoletwa kutoka China na kwingineko kwa majahazi. Safu hizo zilifanya kazi ile ile ambayo rafu ya meko imeifanya katika nchi za baridi: kumwonyesha mgeni, mara tu anapoketi, kile ambacho nyumba inakithamini.

Kwa kuwa umepanga, usitoboe ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba. Mpe seremala kazi ya kutengeneza sanduku jembamba la mbao lenye vyumba vidogo, sehemu ya juu ya kila chumba ikatwe kwa umbo la upinde, lipakwe chokaa nyeupe na kusimamishwa juu ya rafu. Ndani yake panga sahani za bluu na nyeupe zikisimama kwenye vishikizo, moja kwa kila chumba, na vyumba viwili au vitatu viachwe vitupu. Sahani hazihitaji kuwa za kale. Za mitumba zitafaa mradi zipatane kwa rangi. Mbele yake, kwenye rafu yenyewe, weka sinia la shaba lililoegemezwa ukutani, mrashi wa marashi na chetezo. Udongo na shaba ndivyo vifaa vinavyoelewana na moto kuliko vyote, hivyo chetezo chako hakina cha kuogopa hapo.

Kitu kimoja nitakukataza kabisa, ingawa najua utakipenda: kutandika kanga au kitambaa cha kufuma kikaning'inia mbele ya rafu. Kanga ni pamba, na cheche moja inatosha. Ukitaka kanga ionekane, itie kwenye fremu yenye kioo, ile yenye jina litakalompendeza bibi, uitundike kwenye ukuta wa pili. Matofali ya kuchoma usiyapake rangi. Wekundu wake ndio utakaoupa weupe wa sahani zako uhai.

SWALI: Dada, meko yetu haitumiki kwa sababu dohani iliingiliwa na nyuki, fundi akaiziba. Mama mkwe huweka jiko la mkaa ndani yake jioni za baridi. Tungependa pia kupapamba. (Mkazi wa Soweto, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu, jiko hilo litolewe leo. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na dohani ikiwa imezibwa hewa hiyo haina pa kwenda isipokuwa ndani ya vifua vyenu. Watu hulala wakiwa na jiko ndani na hawaamki. Mwelezeni mama kwa upole, mnunulieni blanketi zuri na soksi za sufu, na jiko likiwashwa liwe uwani.

Meko isiyo na moto ina uhuru ambao nyingine hazina, kwa kuwa vitu vyote vinavyoogopa moto vinaruhusiwa kwenu: vitambaa, vikapu vya ukindu, maua mabichi, picha za karatasi. Shimo lenyewe lipakeni rangi nyeusi isiyong'aa, kisha mlijaze magogo makavu yaliyokatwa kwa urefu mmoja, yapangwe mpaka juu, nyuso zilizokatwa zikitazama mbele. Au wekeni taa ndogo nyuma ya chungu kikubwa chenye jimbi la kando ya mto. Rafu ya juu nayo iwe nyepesi, kwa sababu shimo lililojaa hivyo tayari linavuta macho ya kutosha.

SWALI: Sisi ni ndugu watano, tumejenga nyumba ya familia kwenye kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba. Tumeweka meko ya mawe ya mtoni kwa sababu ya baridi ya huku juu. Tunataka rafu ionyeshe kwamba hii ni nyumba ya Kichaga, na pia tujue namna ya kuipamba Krismasi, maana wote hurudi nyumbani Desemba. (Dada mkubwa wa familia, Machame)

JIBU: Hongereni kwa kujenga pamoja. Kwa rafu, ulizeni kama kuna mringaringa uliokomaa kihambani kwenu. Ni mti ule ule ambao wazee waliupenda kwa kuwapa migomba na kahawa kivuli, mbao yake ni rahisi kuchongwa na ina mistari mizuri. Ukatwe ubao mmoja mnene, ukingo wa mbele uachwe na mikunjo yake ya asili, ukaushwe kivulini kwa miezi mingi kabla ya kufungwa, la sivyo utajipinda juu ya moto wa kwanza. Vipimo vya umbali ni vile nilivyompa mama wa Njiro.

Mawe ya mtoni yana sura nyingi na vivuli vingi, kwa hiyo juu yake msiweke vitu vidogo vidogo, kwani vitapotea. Vibuyu vitatu vikubwa vya mbege vyenye vimo tofauti, vikiwa vimekaa upande mmoja kwa karibu, na picha moja ya baba upande wa pili, vinatosha kuieleza nyumba hiyo kwa mtu yeyote anayeingia. Kibuyu kikavu huungua upesi, kwa hiyo viegemee nyuma kabisa na visitokeze nje ya ukingo. Mkiwa na ngoma ya ngozi, ikae sakafuni mbali na moto, maana ngozi ikikauka kupita kiasi hupasuka.

Umeniuliza pembeni kama masale yanaweza kuwekwa hapo. Mmea huo ndio unaotumika kwenu kuombea msamaha, kuweka mipaka na kupandwa makaburini, na wapo wazee ambao hawatapenda kuuona umekatwa na kutiwa kwenye chupa ya maua kama pambo la kawaida. Waulizeni kwanza walio hai katika ukoo. Wakiridhia, upandeni kwenye chungu na usimame sakafuni kando ya meko, ambako utaota vizuri hata kwa mwanga hafifu.

Kuhusu Krismasi mna bahati, kwa sababu Desemba ni mwezi wa joto na wengi hawawashi meko mchana. Matawi ya msonobari yaliyokatwa siku hiyo hiyo yanaweza kutandazwa urefu wote wa rafu, yakichanganywa na matunda ya kahawa yaliyoiva kama bado yapo shambani, mekundu kwenye kijani. Hata hivyo matawi hayo yana utomvu unaowaka kwa kasi yakishakauka, kwa hiyo jioni itakayoamuliwa kuwasha moto, yaondolewe yote kwanza, na taa za kumeta za umeme zitolewe kwenye soketi. Watoto wakitaka kutundika soksi za zawadi, watundike kwenye kamba iliyofungwa ukutani mbali na mdomo wa meko. Misumari ya kutundikia picha ya baba isipigwe kwenye jiwe lenyewe. Fundi atoboe kwenye mstari wa saruji kati ya mawe mawili, atie plagi ya chuma badala ya ile ya plastiki inayolainika kwa joto, na apime kwa pimamaji kabla ya kukaza skrubu.